Uzi wa waimbaji chipukizi: kabla hujalipia studio, jua nani atakulipa wewe

MkaaStudio

Wakuu, habari za muda huu.

Nafanya kazi ya kurekodi sauti na kupanga vokali hapa Dar. Si msanii na sina lebo, kwa hiyo msinijazie PM mkiomba konekisheni.

Vijana wengi wanaoingia studio wanafungua simu, wanapiga wimbo uliovuma mwezi huo, wanasema "nitengenezee kama hii". Prodyuza anatengeneza. Wimbo unatoka Ijumaa, Jumatatu hakuna anayeukumbuka, na baada ya muda kijana anarudi na wimbo wa msanii mwingine. Sauti ni ileile, ila safari hii amekuwa mtu wa amapiano.

Tunafikiri kuchagua aina ya muziki ni kuchagua biti. Mimi naona ni kuchagua mtu atakayekulipa na mahali utakaposimama kuimba. Biti inafuata baadaye.

Chukua taarab ya kisasa. Wimbo mmoja unaweza kupita dakika kumi, redio haina muda wa kuupiga wote, ila hela ya taarab haikai redioni. Iko ukumbini. Mama akisikia ubeti unaomsema mbaya wake anainuka na noti, anatunza, na mashoga zake wanamfuata. Mwimbaji anayefumba macho na kujifungia na hisia zake pale hatoki na kitu. Inabidi umwangalie mwenye shughuli, umjue kwa jina, ujue ubeti gani wa kurudia na upi wa kupita haraka.

Singeli nayo imelelewa na vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, vya Manzese, Tandale na Mburahati kabla redio hazijaitaka. Kasi yake inapita mapigo 200 kwa dakika. Kama pumzi yako ni fupi na maneno yanagongana mdomoni, hiyo si ya kwako hata uipende vipi. Vijana wa Sisso pale Mburahati walikuwa wanatengeneza kazi za mtaani kwao, mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikazikusanya na kuzitoa, na singeli ikaanza kuitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Kilichowavutia Wazungu ni ileile kasi ambayo wengi hapa mjini walikuwa wanaiita kelele.

Bongo Fleva ya mapenzi ndiyo kila mtu anaikimbilia, na ndiyo inayokula mtaji kuliko zote: video, mavazi, kuzunguka redio, shoo za mikoani ambazo mwanzoni hazirudishi hata nauli. Hela yake nzuri iko kwenye matangazo ya makampuni, na kampuni haimfuati mtu asiyejulikana. Sisemi usiende huko. Nasema nenda ukijua.

Watu wanapenda kunitajia Diamond. Sawa, tumtaje. "Kamwambie" ilitengenezwa na Bob Junior pale Sharobaro Records, na kwenye tuzo za Kili za 2010 kijana wa Tandale akaondoka na tuzo tatu. Usikilizeni tena ule wimbo kwa sikio la kazi. Hakuna kupaa na sauti, hakuna kuonyesha ubingwa. Ni mtu anatuma salamu kwa aliyemuacha, kwa Kiswahili cha uswahilini, na kiitikio ambacho mtoto wa shule anakishika mara moja. Aliimba kwa kipimo cha sauti aliyokuwa nayo wakati ule. Madansa, ndege na kolabo za Nigeria vilikuja baadaye, lakini chipukizi anaanza kuiga vile vya baadaye.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Yamoto Band, vijana wa kituo cha vipaji cha Mkubwa na Wanawe cha Said Fella, Temeke. Waimbaji wanne kwenye wimbo mmoja, kila mmoja na kipande chake. Kundi ni mahali pa bei rahisi pa kujijua, maana unasikia papo hapo sauti yako inafanya nini ambacho ya mwenzako haifanyi. Lilipovunjika, Aslay akashusha nyimbo mfululizo mwaka 2017 mpaka mashabiki wakashindwa kuhesabu, karibu zote za mapenzi, hakuyumba. Mbosso, mtoto wa Kibiti, akaingia Wasafi, lebo ya Diamond, mwaka 2018 na ile sauti yake ya kimwambao. Wametoka chungu kimoja, na hakuna anayewachanganya.

Sasa sauti yenyewe. Kabla hujaenda kwa prodyuza yeyote, kaa na simu sehemu tulivu, imba bila ala wimbo unaoujua toka utotoni. Anza chini, rudia ukipandisha kidogo kidogo mpaka ufike unapoanza kukaza shingo. Pale ambapo maneno yanasikika na hukazi chochote, ndipo kiitikio chako kinatakiwa kukaa. Wanaume wengi hapa mjini wanaimba juu ya uwezo wao kwa sababu biti ilitengenezwa kwa ki, yaani kimo cha sauti, ya mtu mwingine. Kushusha ki ni kazi ndogo kwenye kompyuta, lakini wewe usiposema, prodyuza naye hasemi.

Karibuni tujadili.

Kiroboto wa Buza

Naweka kigoda hapa mbele kabisa. Ila mkuu umesahau jambo moja kubwa, KIKI, yaani vituko vya kukufanya usemwe. Bila kiki hata uimbe kama malaika utabaki unaimba bafuni.

MkaaStudio

Kiki inaleta watu mlangoni. Wakiingia wakakuta hakuna kitu wanatoka. Tuendelee.

BintiPangani

Kaka MkaaStudio, shikamoo. Huu uzi kama umeandikwa kwa ajili yangu.

Mimi ni wa Tanga. Nimekulia madrasa, tulikuwa na kikundi cha kaswida, baadaye nikaanza kualikwa kwenye harusi kuimba taarab za zamani na bendi ya mtaani. Nikiimba harusini watu wanainuka. Ila nataka kurekodi nyimbo zangu mwenyewe, na marafiki wote wananiambia sauti yangu ni ya kizamani, nifanye Bongo Fleva kama wasichana wenzangu. Nilienda studio moja, prodyuza akaniwekea biti ya mapenzi, nikaimba. Niliposikiliza sikujitambua. Yale madoido yangu yote ya kuvuta sauti yamenyooka kama mtu aliyepigwa pasi. Akasema ndivyo muziki wa sasa ulivyo. Nina hela ya kurekodi wimbo mmoja tu wa maana. Nifanyeje?

MkaaStudio

Marahaba mdogo wangu. Kilichonyoosha madoido yako ni otityuni. Ile programu inaivuta sauti mpaka kwenye noti ya kinanda iliyo karibu. Kwa mtu anayeimba noti zilizonyooka haina shida. Wewe umelelewa na kaswida, na baadhi ya maqam, yaani ngazi za noti za Kiarabu, kama bayati na rast, zina noti zinazokaa katikati ya vibonye vya kinanda. Ukipitisha pale haraka na kuitetemesha, mashine inadhani umekosea, inakusahihisha. Prodyuza anaweza kuipunguza makali ikafanya kazi polepole, au akaizima kabisa kwenye zile sehemu za madoido. Mwambie hivyohivyo. Akikataa tafuta mwingine.

La pili, usianze na biti. Chukua mpiga kinanda au gitaa wa ile bendi yenu ya harusi, rekodi naye wimbo mzima kwa simu, kwa ki yako na kasi yako. Hiyo ndiyo demo. Umpelekee prodyuza ajenge midundo kuizunguka sauti yako. Kwa kawaida hapa tunafanya kinyume: biti ipo tayari, mwimbaji anatafuta pa kujibana.

Na hilo la "kizamani" lisikusumbue. Wewe ni mtoto wa Tanga, unajua Black Star Musical Club walifanya nini? Miaka ya 60 waliichukua taarab, wakatia gitaa, besi na midundo ya dansi, na Shakila akaimba juu yake. Taarab ya Tanga ikasikika pwani nzima. Nyuma zaidi, Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na alichokwenda nacho ni taarab ya Kiswahili wakati ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu.  Kila mmoja alikuja na kitu alichokwisha kukijua vizuri, akabadilisha sehemu moja tu yake.

Harusini watu wanainuka, umesema mwenyewe. Una soko tayari, wenzako wanalitafuta kwa tochi.

Mchambuzi_Mbagala

Napingana kidogo na mleta uzi. Unawafundisha watoto kuwa wagumu. Muziki ni biashara, biashara inafuata soko. Amapiano ilipoingia kutoka Sauzi, Marioo aliidaka mwaka 2021, akatoa "Beer Tamu", nchi nzima ikacheza. Angekaa kusema "mimi ni mtu wa nyimbo za taratibu" angekuwa wapi leo? Rayvanny alianza kwa kuchana, yaani kurap, leo nani anamkumbuka kama mchanaji? Watu wanabadilika kulingana na upepo.

MkaaStudio

Mkuu, hoja nzuri, na mifano yako yote miwili ni mizuri. Ila angalia Marioo alikuwa nani kabla ya 2021. Alikuwa tayari mtunzi, anaandikia wengine, ameshatoa "Dar Kugumu", watu wanaijua kalamu yake. Amapiano inatembea kwenye mapigo kama 112 kwa dakika, ina nafasi kubwa kati ya besi na besi. Mtu mwenye melodi zake anaijaza ile nafasi. Asiye nazo anaijaza kwa "ayee ayee" na kutaja pombe. Waliomfuata Marioo kwa kukopi walikuwa kibao mwaka ule, nitajie watano wanaokumbukwa.

Rayvanny naye alipohamia kuimba alibeba kitu kutoka kwenye kuchana. Sikiliza anavyopanga silabi, zinaanguka kwenye mdundo sawasawa. Sipingi kubadilika hata kidogo.

Mchambuzi_Mbagala

Watano siwapati 😂 Lakini bado nasema mtu asikae miaka kumi anajitafuta. Kodi haisubiri.

Mswahili wa Kisauni

Ndugu zanguni, salamu kutoka Mombasa.

Huku kwetu vijana wana ugonjwa wao. Mtoto wa Likoni ana Kiswahili kitamu cha kwao, akipanda basi la Nairobi akifika tu anabadili ulimi, aimbe Sheng ambayo hata haijui. Mwaka 2018 kundi la Ethic walipotoka na gengetone, ile rap ya mitaa ya Nairobi, kila mtu akawa gengetone, hata wale waliolelewa na chakacha na taarab. Wale wa Eastlands walikuwa wanaimba lugha yao ya nyumbani, hawa wetu walikuwa wanaiazima. Ikasikika.

Nawapa mfano wa Sauti Sol. Walianza mwaka 2005, vijana waliojuana shule ya Upper Hill, wakiimba sauti tupu bila ala. Kuimba vile hakutaki prodyuza, kunataka mazoezi na masikio. Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ikatoka 2008 na lebo ya Penya, ya gitaa na sauti. Baadaye wakahamia kwenye pop ya kuchezeka wakajaza viwanja. Ukisikiliza nyimbo zao za mwisho mwisho, zile harmoni za mwanzo bado zimo ndani. Kwa hivyo naungana na mleta uzi, ingawa hapo kwa hela sikubaliani naye kabisa. Wakati wanaimba sauti tupu hapakuwa na soko lolote la kuonekana la muziki ule. Walilitengeneza. Ukisema mtu aanze na nani atamlipa, wengine hawataanza kamwe.

MkaaStudio

Kaka wa Kisauni, hapo umenibana. Nakubali wapo wanaotengeneza soko. Lakini hao walikuwa kundi, na walikuwa na kumbi za kuwapokea pale Nairobi, Alliance Française ikiwemo. Mtu mmoja wa Gongo la Mboto mwenye hela ya wimbo mmoja simshauri hivyo.

Wakili Mtaani

Niingilie upande wa karatasi, maana huku ndiko watu wanakolia baadaye.

Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999, haki inazaliwa pale pale kazi inapotungwa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hakukupi haki, kunakupa ushahidi. Ulinzi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo BintiPangani, hata ile demo ya simu ina mwenyewe. Itunze, itume kwa barua pepe yako ibaki na tarehe. Usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ni jambo jingine, huo ni wa kukuruhusu kufanya kazi ya sanaa hadharani. Msivichanganye.

Kwenye wimbo mmoja kuna mali mbili: utunzi, yaani maneno na melodi, na rekodi yenyewe. Aliyelipia rekodi mara nyingi ndiye anayedai rekodi, ndiyo maana lebo "inakulipia kila kitu" kwa furaha. Prodyuza naye akitunga melodi ya kiitikio ana sehemu kwenye utunzi. Andikeni asilimia siku hiyohiyo studio, karatasi moja, sahihi mbili, picha kwa simu. Wimbo ukishavuma kila mtu anakumbuka mchango wake kuwa mkubwa.

Biti za kununua intaneti kwa bei chee: nyingi ni za kukodi, watu mia wanaweza kuwa nayo ileile. Mmoja wao akiisajili kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua kazi, wimbo wako unadaiwa na mtu wa nchi usiyoijua. Ukiambiwa "leseni isiyo ya peke yako", jua ndiyo hiyo.

Na mikataba ya lebo. Harmonize alipotoka Wasafi mwaka 2019 alieleza mwenyewe hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema kifungu cha kutoka kisome kabla ya kifungu cha kuingia.

Kiroboto wa Buza

Wakili, bei yako ya kusoma mkataba ni shilingi ngapi? Nauliza kwa niaba ya jirani.

Mama Neema wa Kwaya

Shaloom wapendwa. Mleta uzi umeipita injili kama vile haipo.

Nimeimba kwaya kwa miaka mingi. Injili ina jambo moja ambalo Bongo Fleva haina: wimbo hauzeeki haraka. Nyimbo za Rose Muhando za miaka ya 2000 ukizianzisha leo kanisani wazee kwa watoto wanaitikia. Na kwaya ni shule ya sauti isiyolipiwa ada, unajifunza kusikiliza mwenzako, kupumua, kushika sauti yako ya tatu wakati wa kwanza anakuvuta.

Ila nina neno kwa wanaohamia huku. Walter Chilambo alishinda Bongo Star Search mwaka 2012, baadaye akaja injili na watu wakampokea. Goodluck Gozbert tulimjua kama Lollipop akiwatungia wasanii wa dunia. Hawa walipokelewa kwa sababu waliingia mzima mzima. Sasa nawaona vijana wanaoshindwa huko, singo tatu hazijaenda, ghafla "nimeokoka" na kava ina msalaba. Watu wa kanisani wanasikia. Huku hawaulizi wimbo wako tu, wanauliza unasali wapi, mchungaji wako nani, Jumamosi usiku ulikuwa wapi. Kama hutaki kuulizwa hayo, baki uliko.

MkaaStudio

Mama Neema, hapo umenisaidia kuliko nilivyoandika mwenyewe. Kwenye injili anayekulipa anataka kujua na maisha yako. Kwenye taarab hawajali, alimradi umemtaja shoga yao vizuri.

BintiPangani

Asanteni sana kaka zangu na mama. Nimeongea na mpiga kinanda wetu, amekubali. Swali la mwisho: nikishamaliza wimbo naupeleka wapi? Na je, nirekodi taarab yenyewe ndefu au nifupishe?

Wakili Mtaani

Kuupeleka si kazi. Kuna wasambazaji wa mtandaoni kama DistroKid na TuneCore, unalipa, wanaupeleka Boomplay, Apple Music, Spotify na kwingineko. Tafuta kwanza kama jina lako la kisanii lina mtu mwingine, vinginevyo nyimbo zenu zitachanganywa kwenye ukurasa mmoja na kuzitenganisha ni kesi. Panga tarehe mbele, usitume leo utoke kesho. Spotify wanashauri uwaombee wimbo uingie kwenye orodha zao walau siku saba kabla ya kutoka. Na usitegemee hela huko mwanzoni: tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 kwa miezi 12 Spotify hawaulipi kabisa. YouTube nako, ili ulipwe matangazo kwa video za kawaida, unatakiwa kuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka.

MkaaStudio

Kuhusu urefu, fanya zote mbili kwenye siku moja ya studio. Imba wimbo mzima na beti zake zote, huo ni wa ukumbini na wa YouTube. Halafu prodyuza akate toleo la dakika tatu na nusu linaloanza na kiitikio, la redio na simu. Mwombe pia toleo lisilo na sauti yako, utaliimbia kwenye harusi siku bendi haipo. Hayo matoleo yote dai kabla hujamaliza malipo. Ukishamaliza, "kompyuta imeharibika".

Una shughuli lini tena?

BintiPangani

Jumamosi ijayo, harusi ya Ngamiani.

MkaaStudio

Imba huo wimbo wako mpya katikati ya zile za zamani, usiseme ni wako. Mtu wako arekodi kwa simu kutoka nyuma ya ukumbi, si mbele. Angalia ni kwenye ubeti gani wa kwanza mtu anainuka. Hapo ndipo toleo fupi likatwe.

Mswahili wa Kisauni

Na wakiinuka kwenye ubeti wa mwisho?

MkaaStudio

Basi wa mwisho unakuwa wa kwanza, wa kwanza unatupwa.

Kiroboto wa Buza

Binti, weka namba ya lipa hapa, sisi wa Buza tutatunza kwa simu.